Rubani Aliyeangukia Reli

Sisi ni watu tisa. Tunakutana kila Jumatano saa kumi jioni chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa letu hapa Dodoma, kwa maombi. Wengi wetu ni watu wazima. Yumo mwalimu mstaafu, yumo mzee aliyefanya kazi reli mpaka alipostaafu, wamo akina mama wanaouza karanga na ubuyu, na yumo kijana mmoja mpiga kinanda wa kwaya ambaye tunamwita Mjukuu, ingawa si mjukuu wa yeyote kati yetu. Huyo ndiye aliyetuletea habari ya rubani.

Ilikuwa tarehe 12 Januari 2022. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mawazo ya wengi yalikuwa shambani, kwenye palizi. Mjukuu alifika amechelewa, akaomba tusianze kwanza. Akatoa simu, tukaizunguka kama kuku wanaozunguka punje.

Alichotuonyesha kilitokea Jumapili iliyokuwa imepita, tarehe 9, huko Pacoima, katika jiji la Los Angeles, Marekani. Ndege ndogo aina ya Cessna 172 iliruka kutoka uwanja mdogo unaoitwa Whiteman. Haikwenda mbali. Injini ilipoteza nguvu, ndege ikashuka, ikaangukia reli, tena pale pale reli inapokatana na barabara. Ndani alikuwemo mtu mmoja tu, rubani mwenyewe.

Ndege za namna ile watu wa Dodoma hatuzishangai. Kwa miaka mingi ndege ndogo za MAF zimeruka kutoka uwanja wetu huu wa katikati ya mji, zikipeleka wauguzi na wahubiri vijijini, na baadhi yetu tuliokulia mbali na barabara tulipata chanjo za utotoni kutoka kwa watu walioshuka katika ndege kama ile. Kwa hiyo tulipoiona imelala juu ya reli, bawa limepinda, tuliihurumia kama mtu anavyomhurumia punda wa jirani.

Askari wa huko huvaa kamera ndogo kifuani, na picha zile zilitoka humo. Unaona mikono inaingia kwenye ndege. Unamwona rubani, uso umejaa damu, hawezi kujitoa. Kisha unasikia honi. Mzee wetu wa reli aliisikia kabla yetu sote, akasema kwa sauti, "Inakuja hiyo!" kana kwamba askari wale wangemsikia. Wanamvuta. Mwili wa mtu aliyeumia ni mzito, miguu yake inaburuzika. Wanapiga hatua kadhaa tu, na treni ya abiria inapita kwa kasi, inaipiga ndege, vipande vinaruka hewani. Baina ya kumtoa na kugongwa hazikufika sekunde kumi. Rubani alipelekwa hospitali, akapona. Ndani ya treni hakuumia mtu.

Mama mmoja alipiga kigelegele. Mjukuu akasema, "Bwana asifiwe! Mungu wetu ni Mungu wa sekunde ya mwisho!" Tukaitikia, amina, amina. Mwalimu akasema picha ile inafaa kuonyeshwa Jumapili wakati wa shuhuda. Tukaanza hata kupanga nani azungumze.

Mzee wa reli yeye alitaka kujua kwa nini treni haikusimama. Mjukuu akasoma kwenye simu kwamba askari mmoja alieleza baadaye kuwa walikuwa wameomba treni zisimamishwe. Mzee akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba treni si daladala. Ikiwa kwenye mwendo, dereva akifunga breki zote leo, inaweza kwenda kilomita nzima kabla haijatulia. "Dereva anaona kitu relini," alisema, "na anajua atakigonga. Anabaki kupiga honi tu. Mwombeeni na huyo." Hatukuwa tumemfikiria dereva.

Hapo ndipo Bibi alipoomba simu.

Bibi ndiye mkubwa wetu. Ni Mgogo wa kijijini, kusoma alijifunza ukubwani kwa ajili ya kusoma Biblia. Aliiangalia ile picha tena peke yake, simu ameisogeza mbali na macho. Akauliza, "Mjukuu wangu, hawa askari walitokea wapi?"

"Kituo chao kiko karibu na pale, Bibi. Walifika haraka."

"Mm," akasema. "Igandu hapakuwa na kituo."

Akarudisha simu. Hakusema kitu kingine, na hatukuonyesha picha ile Jumapili.

Watu wa umri wetu katika mkoa huu hawahitaji kuelezwa Igandu ni nini, lakini kitabu hiki kitasomwa na vijana pia. Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kuja huku bara ilikuwa inapanda mlima eneo la Igandu, mashariki ya Dodoma. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,200. Ilishindwa kupanda, breki zikashindwa kuishika, ikaanza kurudi nyuma, ikiongeza kasi kadiri inavyoteremka, mpaka ilipogongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Nchi nzima iliomboleza. Majeruhi kwa mamia waliletwa hapa mjini, na maiti zikalazwa katika uwanja wa Jamhuri ili ndugu waje wawatambue.

Bibi alikuwa na mdogo wake wa kiume katika treni ile. Hilo tulilijua. Tulijua pia kwamba aliingia uwanja wa Jamhuri akapita mistari ile yote, leso puani, na hakumwona, au alimwona na hakumtambua. Yeye mwenyewe hajui. Ambao hawakutambuliwa walizikwa pamoja Maili Mbili. Bibi anahesabu kwamba ndugu yake yumo mle.

Haya yote tulikuwa tunayajua kwa miaka ishirini. Tusichokuwa tumekifikiri ni kitu kingine, na tunakiandika hapa kwa aibu.

Kila mwaka, Juni inapofika, katika makanisa ya mji huu husimama watu na ushuhuda wa treni. Huyu alikuwa na tiketi mkononi, mtoto akashikwa na homa, safari ikaahirishwa. Yule aliota ndoto mbaya akashuka Morogoro. Mwingine alikuwa katika mabehewa yale, watu wa pande zote mbili wakafa, yeye akatoka na mchubuko. Ni shuhuda za kweli, na watu hawa wana kila sababu ya kumshukuru Mungu. Hata katika kikundi chetu yupo mama ambaye siku ile alichelewa stesheni kwa sababu ya foleni ya magari, akaikosa treni, akalia palepale jukwaani kwa uchungu wa nauli yake. Kesho yake akalia kilio kingine. Ushuhuda wake tumeusikia mara nyingi kiasi kwamba tunaujua kama tunavyoujua wimbo wa kufungia ibada. Unaisha hivi: "Mungu alinitenga na mauti, kwa maana alikuwa na kusudi na mimi." Nasi tunaitikia amina.

Na Bibi amekaa benchi lile lile. Naye anaitikia amina. Miaka ishirini.

Jumatano iliyofuata Bibi hakuja. Ya pili hakuja. Tulijiambia ni palizi, mvua ni nzuri, ana shamba la uwele. Ya tatu tulikwenda kwake wanne, tukiwa na sukari na sabuni, kama inavyofaa. Alitukaribisha vizuri, akatukamulia limao, akauliza habari za watoto wetu mmoja mmoja. Tulipotaka kuanza maneno, yule mama wa foleni alianza yeye. Alisema, "Mama, nikisema Mungu alikuwa na kusudi na mimi, wewe huwa unasikia nini?"

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nasikia kwamba na mdogo wangu hakuwa na kusudi."

Hakuwa amekasirika. Alisema yeye haoni vibaya mtu kushukuru. Alisema hata ile ya rubani ilimfurahisha, aliiangalia mara ya pili kwa sababu alitaka kuona mikono. "Nilitaka kuona jinsi mtu anavyovutwa," alisema. "Yule wetu hakuna aliyenisimulia kama kuna mtu alimshika." Akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake, na mpaka leo hatuna: wale wa Igandu walipoona treni inarudi nyuma, treni nzima iliomba. Wakristo waliomba, Waislamu waliomba. Waliopona waliomba na waliokufa waliomba. Sasa sisi tunasema maombi ya huyu yalifika, je, ya yule yaliishia wapi?

Tulirudi nyumbani bila kuongea njiani. Mzee wa reli alitembea mbele yetu, mikono nyuma.

Ni Mwalimu aliyetupeleka kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 12. Ile ni sura yetu. Kikundi cha maombi gani hakiipendi? Petro yuko gerezani, amefungwa minyororo miwili, analala kati ya askari, kanisa linamwombea, malaika anakuja usiku, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Petro anafika anabisha hodi, na yule binti Roda kwa furaha anamwacha nje mlangoni. Tumeihubiri sura hii, tumeigiza na watoto wa Sunday School, na Mjukuu aliwahi kuwa malaika kwa shuka la kitanda.

Mwalimu akasema, "Fungueni, lakini safari hii tuanze mstari wa kwanza." Tukafungua. Na tukaona kwamba miaka yote tumekuwa tukianzia mstari wa tano, penye maombi. Mstari wa pili unasema juu ya Yakobo, ndugu yake Yohana. Herode alimwua kwa upanga. Mstari mmoja tu, umekwisha. Hakuna malaika, hakuna lango.

Kanisa ni lile lile. Jela ya mfalme yule yule. Hakuna mahali imeandikwa kwamba Yakobo hakuombewa, wala kwamba imani yake ilikuwa pungufu, wala kwamba Mungu hakuwa na kusudi naye. Yakobo huyu ni mmoja wa wale watatu waliokuwa wakichukuliwa pembeni na Yesu, pamoja na Petro na Yohana. Alikuwa mlimani, alikuwa bustanini. Petro alipobisha hodi usiku ule na nyumba ikalipuka kwa furaha, tulijiuliza kama ndugu yake Yakobo alikuwa mle ndani. Au mama yao. Salome mke wa Zebedayo alikuwa mtu wa kufuatana na wanafunzi. Angeweza kuwa amekaa pale kwenye kona, amejifunika mtandio, anamwangalia Petro akipungia watu mkono wanyamaze. Biblia haisemi alikuwepo. Lakini sisi tulimwona, maana tulikuwa tumekaa naye miaka ishirini.

Hatukutaka Bibi aelezwe haya kama somo. Tulimpelekea tu habari kwamba tunasoma Matendo 12 kuanzia mwanzo, na kwamba hatujui la kusema kwenye mstari wa pili. Jumatano iliyofuata alikuja na kiti chake.

Tulikaa kwenye mstari ule wiki nyingi kuliko ambavyo mchungaji angetushauri. Hatukupata maelezo. Tulichopata ni mabadiliko madogo ya namna ya kusema. Yule mama wa foleni aliuacha ule mwisho wa ushuhuda wake. Sasa anasema, "Niliikosa treni, niko hai, namshukuru Mungu," halafu anakaa. Wengine kanisani wanaona kama ameupunguza makali. Huenda. Lakini Bibi husema amina kabla ya watu wote.

Na tulianza kuangalia mikono. Picha ya rubani tuliiangalia tena, mara hii tukiwa na Bibi. Mwanzoni tulikuwa tumeona muujiza tu, kama kwamba rubani alinyakuliwa na upepo. Sasa tuliona kwamba wale askari waliisikia honi kama sisi tulivyoisikia. Walijua reli ni reli. Kila mmoja wao angeweza kurudi nyuma hatua tano na asingelaumiwa na mtu. Mzee wa reli alisema amewahi kuona mtu akikimbilia relini kuokoa ng'ombe, na hata huyo alisita kidogo. Hawa mikono yao haikusita. Kama Mungu alikuwa pale, na sisi tunaamini alikuwa pale, alikuwa ndani ya mikono ile yenye damu ya mtu mwingine.

Basi Bibi akauliza kama kuna mtu anayejua waliofika Igandu kwanza. Mzee wa reli akavua kofia. Hatukuwahi kujua kwamba siku zile alipelekwa kule na wenzake wa kazini, baada ya ajali. Alikuwa hajawahi kulisema chini ya mwarobaini ule. Alisema alikuta wanavijiji wako pale tayari, wanaume wameshika mashoka na majembe, akina mama wametoa kanga zao. Alisema alimwona kijana mmoja amelala kifudifudi juu ya bati la behewa, mkono wote ameuingiza ndani, ameshika mkono wa mtu asiyeweza kutolewa. Amemshika tu. Walipomwambia aondoke ili chuma kikatwe, alisema yule wa ndani ameomba asiachwe.

"Alitoka?" Bibi aliuliza.

"Hakutoka, mama."

Bibi hakuuliza kama alikuwa mwanamume au mwanamke, wala ana umri gani. Alisema, "Lakini alishikwa." Akasema tena, kwa Kigogo, maneno ambayo tulioelewa hatukuyatafsiri kwa wengine.

Tarehe 24 Juni mwaka ule ilikuwa Ijumaa, miaka ishirini kamili. Tulikwenda Maili Mbili. Juni yetu mnaijua, baridi ya asubuhi na upepo unaochukua vumbi lote la mji huu na kulimwaga usoni pa mtu. Tulibeba mafagio, reki na dumu mbili za maji. Mjukuu alibeba kinanda chake kidogo cha betri, na upepo ukamshinda, hakikusikika. Tulifagia. Tulisoma Matendo 12 mstari wa kwanza na wa pili, tukafunga kitabu. Hakuna aliyehubiri. Bibi alimwaga maji yake pole pole, si mahali pamoja, alizunguka kote, kwa sababu hajui ni wapi.

Miezi michache baadaye, Jumapili ya tarehe 6 Novemba, tukiwa tunatoka ibada ya kwanza, simu za watu zilianza kulia. Ndege ya Precision Air iliyokuwa inakwenda Bukoba ilikuwa imeanguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Watu 43 walikuwemo; 24 waliokolewa, 19 walikufa, na kati ya waliokufa ni marubani wote wawili. Nchi nzima ilimjua Majaliwa Jackson, mvuvi kijana aliyefika kwa mtumbwi na wenzake wakasaidia abiria kutoka. Watu wengi husimulia hapo tu. Lakini yeye mwenyewe alisimulia zaidi: kwamba alikwenda pia mbele, kwa marubani, waliokuwa bado hai nyuma ya kioo wakiwasiliana naye kwa ishara, kwamba alijaribu kwa kamba, akaumia, akapoteza fahamu, akaja kuzinduka hospitali. Wale hawakutoka.

Jumatano ile tulikuwa na 24 na tulikuwa na 19. Zamani tungejua la kufanya: tungeshukuru kwa wale, tukaomba faraja kwa hawa, dakika tano, tukaendelea na wagonjwa. Safari hii Bibi aliomba yeye. Alimwombea kijana Majaliwa, kwamba Mungu amsaidie usiku anapoviona vile vioo. Aliwaombea wake za marubani. Halafu, tukidhani amemaliza, akamwombea rubani wa Marekani, yule aliyevutwa relini, na dereva wa ile treni.

Sisi tulikuwa tumeshamsahau. Bibi hajamwacha. Jina lake hajui, na Marekani kwake ni mahali penye giza wakati huku kuna mwanga, basi. Humwita "yule mtoto wa kwenye ndege". Wiki iliyopita alimwombea tena, akitaja na mguu, kwa kuwa anasema katika picha aliona mguu mmoja unaburuzika vibaya, na mfupa wa mtu mzima hauungi upesi.